Siku Nilipomwangusha Babu wa Jiwe Kwenye Keki ya Wakwe

Jamani nitawasimulia, lakini mcheke kwa staha, maana wengine wenu mmeshaiona ile video na mnajifanya hamjaiona, na mie kila nikiingia kanisani nikaona mtu anakohoa huku kaziba mdomo najua kabisa amekumbuka nini. Mwanamke mzima, mama wa bibi harusi, kitenge cha mshono wa maana, kilemba kimesimama, nimepiga magoti mbele ya wakwe, mbele ya padri na mbele ya jumuiya yetu yote ya Etobicoke hapa Toronto, halafu natia mkono kifuani natoa pua. Ndiyo, pua. Sikuikata mie, ilikatika yenyewe, lakini ilikutwa kifuani mwangu na hilo siwezi kulikana.

Ngojeni niwapeleke taratibu. Binti yangu Upendo (yule anayeelewa kila neno la Kiswahili ninalosema na kunijibu kwa Kiingereza tangu ana miaka mitano) alimpata mchumba kazini, kwenye ghala moja huko Brampton. Kijana anaitwa Mateo, ila mie tangu siku ya kwanza namwita Mathayo kwa sababu ndivyo alivyo kwenye Biblia yangu, na yeye hajawahi kulalamika. Kijana mpole, anakula ugali kwa mkono bila kuonyeshwa, na kwao ni kisiwa kimoja kilichopotelea huko katikati ya Pasifiki, Rapa Nui, ambacho wengine mnakijua kama Kisiwa cha Pasaka, kile chenye masanamu makubwa ya mawe yenye nyuso ndefu na pua ndefu. Wenyewe wanayaita moai. Mie nilikuwa nadhani ni miungu yao ya zamani, nikawa na wasiwasi kidogo wa kuozesha mtoto huko, mpaka Mathayo akanikalisha sebuleni akanieleza kwamba kila moai ni mzee wa ukoo fulani, babu wa watu fulani, aliyechongwa zamani za kale huko mlimani kwenye machimbo, akasafirishwa mpaka karibu na pwani, akasimamishwa mgongo kwa bahari na uso kwa nyumba za watu wake, awaangalie. Nikasema kumbe ni babu tu, basi babu hana shida.

Harusi ilipokaribia, akaja baba yake Mathayo, Mzee Tito. Mfupi, mpana wa mabega, goti moja bovu, na maneno machache sana. Anazungumza lugha ya kwao na Kihispania, na Kiswahili alichokuwa nacho kilikuwa neno moja, "karibu", alilolitumia kwa kila kitu, hata akiaga. Siku tuliyokaa kuzungumza mahari, kaka yangu akiwa kwenye simu kutoka Muheza anataja mbuzi na blanketi la bibi, Mzee Tito alisikiliza mpaka mwisho, akakubali kila kitu, halafu akasema kupitia kwa mwanawe kwamba ana ombi moja. Anaomba ruhusa ya kumleta baba yake kwenye sherehe.

Sisi tukafikiria viza. Baba Upendo (mume wangu, mtu wa kujali sana taratibu) akaanza kueleza jinsi viza za wazee zinavyochelewa, mpaka Mathayo akamkatiza kwa adabu, akasema babu ameshafariki. Kumbe huyo babu ndiye aliyemlea Mathayo, maana Mzee Tito ujana wake wote alikuwa bara, Chile, kwenye migodi, anatuma matumizi tu. Babu alifariki Mathayo akiwa ameshakuja Kanada, na kwenye simu ya mwisho alimwambia kwamba angependa kumwona mke wake kabla hajafa. Hakumwona. Sasa Mzee Tito, ambaye kwao ni mchongaji, alitaka amchonge baba yake hapa hapa Toronto, kwa mikono yake, asimame kwenye send-off siku wakwe wanapokabidhiana, halafu abaki nyumbani kwa vijana. Alisema atarudi kwao wiki itakayofuata sherehe na kwa goti lile hadhani kama atasafiri tena. Ilikuwa ni jiwe hili moja, siku hii moja. Mie nalia kirahisi, mnanijua, nikalia pale pale na kusema baba aletwe.

Kulikuwa na minong'ono, si mnajua watu wetu, kwamba Mama Upendo analeta sanamu kwenye uwanja wa kanisa. Nikaenda kwa padri mwenyewe. Padri akaniuliza kama tutalisujudia, nikasema hatutalisujudia, akaniuliza kama ukutani kwangu kuna picha ya marehemu baba yangu, nikasema ipo, akasema basi huyo ni babu mwenye uzito zaidi.

Na uzito alikuwa nao. Mzee Tito alinunuliwa jiwe kwenye yadi ya watu wa bustani, likashushwa kwenye gereji ya ile nyumba ya Brampton ambayo vijana wamepanga chini, na tangu siku hiyo ikawa tak, tak, tak, asubuhi mpaka jioni. Nilikuwa nampelekea chapati na maharage. Nilimkuta siku moja amekaa kwenye ndoo, anaizungumzisha ile pua huku anaipangusa vumbi kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayemwosha mgonjwa uso. Sikuelewa neno hata moja, nikaweka chapati na kuondoka kwa kunyata. Lilipokamilika lilikuwa na kimo changu, na kwa uzito wanaume wa jumuiya walilitazama, kisha kila mmoja akakumbuka mgongo wake unavyouma.

Jumamosi ya send-off ikafika. Tulifunga mahema kwenye maegesho ya kanisa, viti vina vitambaa, spika zinanguruma, wanawake sare, masufuria ya pilau yamefunikwa. Mwisho wa hema kuu Mzee Tito alikuwa ametengeneza jukwaa dogo la matofali bapa, chini kabisa, la kumsimamishia babu. Na mie asubuhi ile (hapa ndipo mkono wangu ulipoanza kuniponza) nikaichukua meza ya keki ya wakwe, ile keki ya ghorofa ambayo bibi harusi anawakabidhi wakwe zake, nikaiburuta kutoka ilipokuwa mpaka jirani na jukwaa, ili kwenye picha keki na babu waonekane pamoja. Upendo akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba imekaa karibu mno. Nikamwambia yeye ni bibi harusi, akakae.

Lori likaja, lile la kazini kwa Baba Upendo, lenye lifti nyuma. Wanaume wakaleta toroli la kubebea mafriji. Mzee Tito akakataa. Alisema baba yake hataingia kwa wakwe amelazwa kwenye toroli. Wazee wao wanasimulia kwamba moai walitembea wenyewe kutoka machimboni mpaka mahali pao, na yeye baba yake atatembea. Akafunga kamba tatu kichwani kwa jiwe, moja kushoto, moja kulia, moja nyuma. Kamba ya kulia akatupa sisi wanawake, ya kushoto akawapa vijana marafiki wa Mathayo, na ya nyuma akawapa Baba Upendo na wanaume wenzake, akawaeleza kwa mikono na kwa Mathayo kwamba kazi yao ni kushikilia tu, maana jiwe limechongwa linainama mbele kidogo na bila wao litaanguka kifudifudi. Wote wakaitikia kwa kichwa. Nataka mkumbuke kwamba waliitikia kwa kichwa.

Yeye mwenyewe akasimama mbele, akaanza kuimba chini chini kwa lugha ya kwao, polepole. Kushoto wakavuta, babu akayumba, bega moja likasogea mbele. Kulia tukavuta, bega la pili likasogea. Jamani, lilitembea. Nimeishi nchi hii miaka mingi, nimeona mengi, lakini sijawahi kuona jiwe linatembea kwenye lami kama mzee anayetoka komunyo, huku na huku, huku na huku, bila haraka. Watu wote kimya. Simu zote juu. Upendo na Mathayo wamesimama mbele wameshikana mikono, na Mathayo anafuta macho kwa mkono wa koti.

Sasa ningenyamaza. Siku zote nikilala nawaza, ningenyamaza tu. Lakini mie nimeongoza kwaya miaka kumi na ngapi, na nimekulia Muheza, ambako lori la machungwa likinasa kwenye tope hakuna mtu anayelitoa akiwa kimya. Kuona mkwe wangu anaimba peke yake kwa sauti ya chini, mzee mgeni, goti linamuuma, na sisi wenyeji tumekaa kimya kama tuko msibani, nikaona ni aibu yetu. Kwetu mgeni akifanya kazi mwenyeji anampokea. Na nilikuwa na kipaza sauti shingoni kwa ajili ya kuwakaribisha wakwe (hapo ndipo shetani anapoingia, kwenye kipaza sauti). Nikampokea wimbo. Nikavuta pumzi kutoka tumboni nikapiga, "Haraaambee!"

Na watu wangu wakajibu, "Heee!"

Wote. Si kulia tu. Waliojibu ni watu wazima waliozaliwa kwenye barabara za tope kama mie, na kila aliyezaliwa huko akiisikia hiyo haulizi, mwili unajua wenyewe. Waliokuwa kulia wakavuta, wa kushoto wakavuta, kwa mpigo mmoja. Lakini hao siwalaumu sana. Ninaowalaumu ni wale wa nyuma, wale walioitikia kwa kichwa. Kwenye harambee ya lori mtu aliye nyuma anafanya nini? Anasukuma. Baba Upendo, mtu wa kujali taratibu, akaitupa kamba, wenzake wakaitupa, wakaja mbio, wakaweka mabega mgongoni kwa babu wakasukuma kwa nguvu zote walizopewa na Mungu.

Mzee Tito aliruka pembeni, goti bovu na yote. Babu akaenda mbele polepole, nataka kusema alienda kwa heshima, akaangukia keki. Ghorofa zote. Meza ikakunjika miguu, sufuria moja la pilau likapinduka na kubingirika mpaka kwenye viatu vya padri, spika ikapiga mluzi, halafu kimya. Na mie kwenye kile kimya nilisikika kwenye spika zote, maana kipaza sauti bado kilikuwa kinafanya kazi, nikisema, "Mungu wangu, nimemuua babu wa watu."

Hapo ningetulia, lakini mtu akiharibu kitu mbele ya wakwe hatulii, anahangaika. Nikapiga magoti kwenye ile krimu nikavua mtandio wangu nikaanza kumfuta babu uso, lile shavu lililokuwa juu, huku ninaomba radhi kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa Kisambaa, nafuta na kuomba, nafuta na kuomba, na katika kufuta nikasikia kitu kimebaki kwenye mtandio. Kipande cha jiwe, kama nusu ya kiazi. Nikageuza nikakitazama. Ilikuwa ncha ya pua.

Nyie mngefanyaje? Msinijibu, najua mngesema mngempelekea mkwe mara moja na kumweleza. Mie mkono wangu ulienda wenyewe kifuani, mahali ambapo mama yangu aliweka funguo, na bibi yangu aliweka ugoro, na mie mwenyewe naweka kadi ya basi, nikaisukumia humo, nikajifanya naendelea kufuta. Nilichokuwa nawaza ni kwamba nitaiunganisha kwa gundi kabla hajaona. Lini? Wapi? Sijui, sikufika huko.

Mzee Tito akaja. Akainama kwa shida, akamshika baba yake uso kwa mikono miwili, akapapasa pale pua ilipokuwa, akasimamisha vidole. Hakupiga kelele. Nilitamani apige. Akasema neno moja kwa Mathayo, na Mathayo akageuka akatutangazia kwamba baba anauliza kama kuna aliyeona kipande cha pua.

Basi jumuiya nzima ikaanza kutafuta pua. Watu wakiwa na suti zao wakawa wanapekua krimu kwa vijiko. Mama Kelvin, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, akawa anachambua pilau punje kwa punje akilia. Padri wetu, mtu mzito, akapiga magoti akaingia chini ya meza iliyovunjika, kanzu yote krimu, ikawa tunaona viatu vyake tu. Na mie nimepiga magoti katikati yao, natafuta pamoja nao, naokota makombo ya keki nayatazama kwa makini, na huku pua ya babu imenikaa kwenye mbavu, nzito na ya baridi. Nikainua macho nikakutana na macho ya Upendo. Mwanangu ananijua. Aliutazama mkono wangu, akakitazama kifua changu, halafu kwa mara ya kwanza baada ya miaka sijui mingapi akaniambia kwa Kiswahili safi, polepole ili nisikie, "Mama, tafadhali, mpe."

Aliniambia vile bila ukali, alikuwa anaogopa. Pale ndipo nilipoona ninachokichezea. Yule mtoto anaingia kwenye nyumba ya watu, watu wanaoishi mbali ambako mie sitafika kumtetea, na kitu cha kwanza walichokipata kutoka kwetu ni babu yao amelala kifudifudi kwenye keki na mama mkwe mwizi wa pua. Watamwangalia vipi? Watamwita nani? Kisiwa kidogo kile, kila mtu ndugu, maneno yatafika kabla yeye hajafika.

Nikakata shauri, nikatia mkono kifuani mbele ya watu wote, nikaitoa, nikamwekea mzee kiganjani. Ilikuwa ya moto sasa. Nikasema, "Mkwe, nisamehe. Niliogopa." Mathayo akafungua mdomo kutafsiri, Mzee Tito akamwekea mkono begani kumwambia hakuna haja.

Akakaa chini. Akakaa kabisa, kwenye lami, pembeni ya baba yake, goti lake limenyooshwa, akaiangalia ile pua, akaiangalia krimu iliyokuwa mikononi mwangu mpaka kwenye viwiko. Halafu akatia mkono mfukoni akatoa kitambaa, akakifungua. Ndani kulikuwa na macho mawili. Meupe, yaliyochongwa kwa kombe la baharini, na katikati kila moja duara la jiwe jekundu. Akaanza kusema, na Mathayo akawa anatufasiria. Alisema kwao moai akitoka machimboni hana macho. Anatembea hana macho, njia nzima. Wengi walianguka njiani, wapo mpaka leo wamelala kwenye majani kifudifudi, na hakuna anayewatukana waliowaangusha. Macho anawekewa akishasimama mahali pake, na kabla ya hapo haoni.

Kisha akanitazama mie na kusema, na hii nimeihifadhi neno kwa neno kama Mathayo alivyoitafsiri: "Kwa hiyo baba yangu bado hajafika hapa. Hajaona kitu. Tuna nafasi ya kumpokea vizuri."

Nililia jamani. Nililia mpaka kilemba kikafunguka. Hakuna kitu alichopungukiwa cha kunidhalilisha mtu yule, alikuwa na haki zote, alikuwa na mashahidi uwanja mzima, na akachagua kunisitiri. Mpaka leo nikisali usiku nawataja wazazi wangu, namtaja mume wangu, namtaja mwanangu, na namtaja yeye.

Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. Akauliza ule wimbo wangu ni wa kazi gani. Nikamweleza, huku napenga kamasi, kwamba ni wa kuinua, wa kutoa kitu kilichonasa, watu wote kwa pamoja. Mzee akafikiri, akaitikia kwa kichwa, akasema basi nimeuimba mapema tu, sasa ndiyo wakati wake. Maana babu amelala, na kumwinua kunataka wote kwa pamoja. Akainuka, akapanga watu mwenyewe, akapitisha mbao chini ya kifua cha jiwe, akaweka matofali ya kuegemezea, kamba nyuma, akamkabidhi Baba Upendo kamba yake tena na kumtazama machoni kidogo (Baba Upendo akaangalia viatu). Halafu akaninyooshea mkono akasema, "Karibu."

Nilidhani sitaweza. Nikaanza kwa sauti ndogo, harambee, wakajibu, mbao zikapanda kidole kimoja, wakaweka tofali. Nikaita tena, kwa nguvu kidogo, tofali lingine. Nikaita, wakajibu, nikaita, wakajibu, wanaume wanatoka jasho, Mama Kelvin anapiga vigelegele na pilau nyweleni, na babu akawa anapanda, anapanda, krimu inamchuruzika kidevuni, mpaka akasimama wima. Sijawahi kuongoza wimbo nikausikia vile, na nimeimba Pasaka nyingi.

Kumtembeza kwenda jukwaani nikamwuliza mzee niimbe nini, maana mie sasa nilikuwa siendi hatua bila kuuliza. Akanionyesha kwa mabega yake, huku, huku. Nikakumbuka mchakamchaka wa shule ya msingi, tulivyokuwa tunakimbia alfajiri na umande miguuni. Nikaita, "Kushoto," wakavuta kushoto, nikaita, "Kulia," wakavuta kulia, wa nyuma wakashikilia kama walivyoambiwa, na Mzee Tito akaupitisha wimbo wake katikati ya maneno yangu, zikaenda pamoja. Babu akaingia chini ya hema, akapanda jukwaa, akageuzwa uso kwetu. Mzee akapanda kwenye kiti akamwekea macho, moja, halafu la pili. Nisikilizeni, sitaki kuwaongopea, ni jiwe na kombe, najua. Lakini macho yale yalipoingia nilitengeneza kilemba changu haraka haraka. Upendo akapiga magoti akasema, "Shikamoo, babu." Mathayo akashindwa kabisa, akamkumbatia baba yake, na wakakaa hivyo muda mrefu.

Keki hatukula. Tulikula pilau la masufuria yaliyobaki, na maandazi ambayo Mama Kelvin alikuwa ameyaficha kwa ajili ya watoto wake. Siku ya pili yake Mzee Tito aliibandika pua kwa gundi ya mawe, ufa unaonekana ukikaribia, na babu sasa anasimama ukumbini kwa vijana Brampton, wamemwekea ubao imara chini. Mzee akaondoka wiki iliyofuata, vijana wakiwa wameshafunga ndoa. Uwanja wa ndege nilimpa vitenge viwili vya kuwapelekea dada zake, na yeye akaniambia karibu, na kwa namna alivyosema nikajua hakukosea.

Lakini sikuwa na amani. Video ilikuwa imezunguka Toronto nzima, mpaka mtu wa Lawrence Heights nisiyemjua alinisimamisha dukani akaniuliza kama ni mie. Nikawa najua kwamba mzee akifika kwao atahadithia, ni haki yake, mtu atoke safari ya mbali hivyo asihadithie? Na Upendo alikuwa aende kule na mumewe mwezi wa Desemba, kwenda kuonyeshwa kwa ukoo. Nilihesabu zile wiki kwa hofu. Nilimwambia akifika awaambie mama yake ana presha.

Wakaenda. Akanipigia kwa picha siku waliyofika, yuko nje ya kiwanja kidogo cha ndege, shingoni mashada ya maua mpaka kidevuni hapumui, nyuma yake wanawake wa makamo wamevaa vitenge vyangu. Anacheka. Ananiambia kila shangazi aliyemkumbatia alimwuliza jambo lile lile kupitia kwa Mathayo, kama ni yeye mtoto wa yule mwanamke aliyemwimbia mzee wao mpaka akasimama. Wanataka wimbo, anasema. Wanataka awaimbie harambee.

Nikamwambia ampe simu Mathayo. Nikamwuliza kwa sauti ya chini, je, na kuanguka? Na pua? Wanasemaje kuhusu pua?

Mathayo akaangalia nyuma yake, akasogea pembeni kidogo na simu. Akaniambia, "Mama, huku hakuna anayejua kwamba alianguka. Baba aliwaambia tu kwamba uliimba, na babu akasimama."

Tangu siku hiyo sijaanzisha wimbo kwenye kazi ya mtu bila kuombwa, na kwaya nimewaambia wakiniona nakaribia kipaza sauti cha watu wanishike mkono. Na nyie ninaowasimulia leo nina ombi moja tu. Kama kuna mmoja wenu atajaliwa siku moja kufika kwenye kisiwa kile, na akakutana na mzee mfupi mwenye goti bovu, amsalimie sana, na ile video asiitoe.